Nani Alilifunga Lango la Gerda?

Mtaimbo ulirudi kutoka maabara Jumatatu asubuhi, umefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na damu iliyokutwa juu yake haikuwa ya tembo.

Inspekta Roswitha Tamm aliisoma ripoti akiwa wima, koti lake lililoloa ukungu likiwa bado mabegani. Alipomaliza alimsukumia msaidizi wake, Sajini Detlef Oelze, aliyekuwa anapambana na mkate wa soseji upande wa pili wa meza.

"Damu ya binadamu," Oelze alisema, mdomo umejaa. "Si nilikwambia, Afande? Mzee Kunze alijikata mwenyewe wakati anampiga yule ndama."

"Umesoma nusu. Shuka chini."

Oelze akashuka chini. Akaacha kutafuna.

"Si ya Kunze."

"Si ya Kunze," Tamm alirudia, akavua koti.

Tangu Ijumaa mji wa Lauenroda haukuwa na habari nyingine. Ndama wa kwanza wa tembo kuzaliwa katika bustani yake ya wanyama alikutwa amekufa alfajiri, hata jua la siku yake ya kwanza hajaliona. Mama yake, Tulia, alikuwa ameibeba mimba ile karibu miaka miwili, na mji mzima ulikuwa umeibeba pamoja naye. Kamera iliwekwa zizini ili watu wamtazame kwenye simu zao mchana na usiku. Jina la mtoto lilikuwa linapigiwa kura, na "Jasiri" lilikuwa linaongoza, ingawa hapakuwa na mtu aliyejua kulitamka. Kisha mkurugenzi wa bustani, Dkt. Eckart Sudhoff, akatokea mbele ya waandishi wa habari, macho mekundu, akatangaza kwamba mtu ameingia usiku, amekata kebo ya kamera, na amemuua ndama kwa mtaimbo.

Mtu huyo alipatikana kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa Friedhelm Kunze, dereva wa tramu mstaafu, aliyezoea kusimama kila Jumapili kwenye lango la bustani na bango lake la kupinga tembo kufungiwa, huku watu wakimpita na kumtupia mzaha. Ua wa waya ulikuwa umekatwa kwa koleo lake. Rangi nyekundu iliyogandia kwenye mkono wa shati lake ndiyo iliyoandika neno JELA, kwa herufi za urefu wa mtu, kwenye ukuta wa nyumba ya tembo. Tamm alimkamata kwa mkono wake mwenyewe, katikati ya vitalu vya kabichi katika bustani anayoikodi kando ya reli, majirani wakiwa wameegemea nyua zao. Pingu zilipolia, majirani walipiga makofi. Jumamosi mtu alivunja madirisha ya kibanda cha mzee mle bustanini mwake. Jumapili mwingine alimwaga samadi ya nguruwe mlangoni.

Simu ikalia. Alikuwa Dkt. Leonore Fitz, daktari wa mifugo aliyempasua yule ndama.

"Roswitha, umekaa?"

"Sijakaa tangu Ijumaa."

"Mapafu yana hewa. Alizaliwa hai, akapumua. Mbavu za upande mmoja zimevunjika karibu zote, na fuvu limebonyea. Lakini nisikilize vizuri. Mtaimbo huacha alama ndefu, nyembamba. Hizi ni pana, za mviringo, kama mtu aliyekandamizwa na sinia."

"Sinia la uzito gani?"

"Tani tatu."

Tamm akakaa.

"Ni mguu wa tembo mkubwa," Dkt. Fitz alisema. "Wa tembo yupi na kwa nini, hiyo ni kazi yako."

Oelze alikuwa ameisikia sauti ya daktari ikitoka kwenye simu. Aliuweka mkate wake mezani, akaufunika kwa karatasi.

"Mama amuue mwanawe?" aliuliza. "Mji mzima umelia kwa ajili yake, Afande. Usije ukatuambia hivyo."

"Lete gari," Tamm alisema. "Tunaanzia rumande."

*

Friedhelm Kunze alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha rumande, mikono juu ya magoti, kama abiria aliyepitishwa kituo chake akaona haya kuuliza. Aliwatazama wakiingia, asiinuke.

"Mzee Kunze, nataka tuanze upya," Tamm alisema.

"Kutoka wapi? Kutoka kwenye yale niliyokwambia Ijumaa, ukakataa kuyaandika?"

Oelze alifungua mdomo. Tamm akamzuia kwa kidole.

"Kutoka kwenye zile kelele," alisema. "Ulisema ulisikia kelele."

"Nilisema. Ukaniambia kila mwizi husikia kelele za mwizi mwingine."

"Nilisema hivyo, ndiyo. Sasa nakuuliza."

Kunze alimtazama kidogo, akipima kama ni mtego. Kisha akasogea, akampa nafasi ya kukaa.

"Nilikata waya, nikaingia, nikafika ukutani. Sijaandika hata herufi ya kwanza, nikasikia chuma. Gu! Gu! Kama tramu mbili zimegongana, zikarudi nyuma, zikagongana tena. Na tembo analia. Si ile tarumbeta mnayoisikia kwenye filamu. Ni mlio wa chini, unapandia miguuni."

"Una hakika ni kabla hujaandika?"

"Rangi ilikuwa bado imefungwa. Taa za ndani zilikuwa zinawaka. Na kulikuwa na mtu mle ndani, mwanamume, anapiga kelele: 'Funguka! Funguka basi!' Analia kama mtoto."

Tamm na Oelze walitazamana.

"Wewe ukafanya nini?" Tamm aliuliza.

Kunze aliinamia viatu vyake, ambavyo polisi walikuwa wameviondoa kamba.

"Niliandika," alisema.

"Uliandika?"

"Nilimaliza neno langu, nikakimbia. Ndani kuna kiumbe anakufa, nje mimi nahangaika herufi zikae sawa. Sikupiga simu. Sikugonga hata mlango. Niliogopa kukutwa na kopo la rangi mkononi." Alijifuta pua kwa kiganja. "Miaka yote ile nimepigwa na mvua pale langoni kwa ajili yao. Siku moja tu wameniita, nimekimbia. Kwa hiyo ukiamua kuniacha humu, Afande, mimi sitalalamika sana."

Tamm aliyaandika yote. Alipofika mlangoni alisimama, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akatoka.

*

Dkt. Sudhoff aliwapokea kwenye mlango wa nyumba ya tembo, tai nyeusi shingoni, akawapa mkono wote wawili. Nyuma yake alisimama mtunzaji mkuu wa tembo, Ingolf Prell, pande la mtu mwenye ndevu za kijivu. Yeye aliinamisha kichwa tu. Mikono yake ilikuwa ndani ya glavu nene za kazi.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya nyasi kavu na mkojo. Tulia alikuwa ameelekea ukuta, akiyumba kushoto na kulia, kushoto na kulia, na hakugeuka. Upande wa pili walisimama tembo jike wengine wawili. Mmoja alikuwa Pendo, ambaye naye alikuwa na mimba. Mwingine alikuwa Gerda, mzee wao, aliyeletwa Ulaya akiwa mdogo baada ya ukoo wake kuuawa kusini mwa Afrika. Tulia na Pendo walizaliwa kwenye bustani za wanyama. Gerda peke yake ndiye aliyewahi kuishi katika kundi lililozaa.

"Daktari aliyempasua ndama anasema alikanyagwa," Tamm alisema.

Sudhoff hakushtuka. "Hilo linawezekana kabisa. Mtu akiingia ghafla na mtaimbo, mama anataharuki, anamkanyaga mwanawe. Lawama ni ya Kunze vilevile."

"Ijumaa ulisema ndama alipigwa."

"Ijumaa sikuwa nimeiona ripoti."

"Na leo hujaiona, Daktari. Iko mkobani mwangu."

Sudhoff alirekebisha tai yake, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

"Usiku ule Gerda alikuwa wapi?" Tamm aliuliza.

"Hapa, na Tulia. Daima huwa pamoja."

"Lango la katikati lilikuwa wazi?"

"Wazi."

"Bwana Prell? Lilikuwa wazi?"

"Kama alivyosema Mkurugenzi," Prell alijibu, akilitazama beleshi la samadi lililoegemezwa ukutani.

Tamm alilisogelea lango. Lilikuwa la nondo nene kama mkono wa mtu, likiteleza juu ya reli kwa nguvu za umeme, na sasa limeishia nusu ya njia. Alichuchumaa. Nondo za katikati zilikuwa zimepinda, na zote zilikuwa zimepinda upande mmoja, kuelekea zizi la Tulia. Rangi ilikuwa imechunika kwa mistari mirefu, na chuma cha chini yake kiling'aa, bado hakijashika kutu.

"Oelze, simama pale upande wa Gerda. Sasa sukuma."

Oelze alisukuma. Bila shaka hakuna kilichotikisika.

"Lango lililo wazi halisukumwi na mtu," Tamm alisema. "Mtu hulipita tu. Tembo pia."

Aliingiza vidole ndani ya mfereji wa reli, chini ya vumbi la nyasi, akatoa kipande cha pembe ya ndovu kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Kwa nje kilikuwa na rangi ya chai. Pale kilipovunjikia kilikuwa cheupe kama chaki. Kisha akainua macho kumtazama Gerda. Pembe yake ya kushoto ilikuwa fupi kuliko ya kulia, na ncha yake ilikuwa nyeupe vilevile.

"Hiyo aliivunja mwezi uliopita," Prell alisema haraka. "Kwenye tairi tunalompa achezee."

"Mwezi mzima anachimbua udongo kwa pembe hiyo, na bado ni nyeupe namna hii?"

"Inspekta," Sudhoff aliingilia, "haya yote ni kukisia tu. Kamera ingetuonyesha kila kitu, kama yule mwendawazimu asingeikata kebo yake. Mnayo wenyewe ile kebo. Imekatwa."

Oelze akakohoa.

"Afande, naomba neno. Tukae pembeni kidogo."

"Sema hapa hapa."

Shingo ya Oelze ilikuwa imeiva. "Ile picha haikukatika. Ilizimwa, kabla hatujamwona mtoto. Kwenye skrini yalitokea maandishi: 'Tunaomba radhi, tutarejea punde.' Sasa mimi najiuliza. Kebo iliyokatwa inaombaje radhi?"

Hata Tulia alionekana kuacha kuyumba. Tamm aligeuka polepole.

"Umejuaje?"

"Nilikuwa natazama. Mimi na mke wangu, Kerstin. Tuko kitandani. Si sisi tu. Nusu ya mji ilikuwa macho."

"Na tangu Ijumaa hukuniambia?"

"Sikuona kama ni kitu, Afande. Kila mtu alishajua ni Kunze." Alivuta mkanda wake. "Tena kuna jambo jingine. Wiki nzima Gerda alikuwa anasimama mbele ya Tulia. Ukifungua simu unaona matako tu. Watu wakaanza kuandika pale chini ya picha: 'Mwondoeni huyo bibi, anaziba. Sisi tunataka kumwona mtoto.' Waliandika mamia. Alhamisi jioni tukafungua, Gerda hayupo. Tulia yuko peke yake, anaonekana vizuri kabisa. Watu walishangilia."

"Na nyinyi mliandika?"

"Kerstin ndiye aliyeandika." Oelze aliitazama sakafu. "Mimi nilimpa maneno."

Tamm alimwacha na sakafu yake. Alimwendea Prell mpaka akasimama karibu naye kuliko adabu inavyoruhusu.

"Bwana Prell, Ijumaa hukunipa mkono. Leo pia hukunipa. Vua glavu."

Prell alimtazama mkurugenzi wake.

"Usimtazame yeye. Hiyo mikono ni yako."

Alivua ya kushoto kwanza. Ya kulia aliivuta kidole kimoja kimoja, akiuma meno. Kiganja kilikuwa kimefungwa plasta za kujifungia mwenyewe, moja juu ya nyingine, na kati yake ngozi ilikuwa imechanika kutoka kwenye dole gumba mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Mtaimbo uliteleza," alisema.

"Ingolf," Sudhoff alisema kwa sauti ya chini. "Si lazima useme chochote."

"Najua si lazima." Prell aliketi juu ya robota la nyasi, glavu mapajani. "Alhamisi jioni ulinipigia simu. Ukasema Gerda anaziba, watu wanalalamika, mhamishe mpaka mambo yaishe. Nikabonyeza kitufe, lango likafungwa. Na, Inspekta, usifikiri nilibisha. Sikubisha. Nilikuwa nimevaa sare mpya, mke wangu ameipiga pasi. Nilijua na mimi nitaonekana."

"Endelea."

"Tulia hajawahi kuona mtoto maishani mwake. Kile kitu kilipomtoka alikigeukia, akakitazama kama kitu kilichomuuma. Akakisukuma kwa mguu. Kikalia. Kilipolia akaogopa zaidi, akakipiga teke, akakikanyaga. Gerda huku upande wa pili akaanza kujitupa kwenye lango. Nikabonyeza kitufe cha kufungua. Lango limeshapinda, limenasa. Nikachukua mtaimbo nikaanza kulichokonoa. Nikawa naliambia lango, wewe fikiria, nazungumza na chuma..."

"'Funguka basi,'" Tamm alisema.

Prell aliinua uso. "Nani alisikia?"

"Mtu mliyempeleka rumande."

Prell aliufunika uso kwa mkono wake mzima. Ule mbovu aliuacha umelala mapajani, kiganja juu.

"Lilipofunguka?" Tamm aliuliza.

"Tumeshachelewa. Gerda aliingia, akamsogeza Tulia pembeni. Hakumpiga, alimsogeza tu, kwa bega. Akasimama juu ya mtoto, akawa anamwinua kwa mkonga. Anamwinua, anaanguka. Anamwinua, anaanguka. Kulipokucha alikuwa bado anamwinua."

"Na kebo?"

"Picha Mkurugenzi alikuwa ameshaizima usiku, Tulia alipoanza kutaharuki. Asubuhi tuliona ua umekatwa na rangi ukutani. Mkurugenzi akasema, 'Mtu wetu amejileta mwenyewe.' Kebo niliikata mimi, kwa kisu cha kukatia nyasi. Mtaimbo tukauacha ulipokuwa."

Sudhoff alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Tamm alimgeukia.

"Daktari, wewe hukujua kwamba tembo kama Tulia haachwi peke yake akizaa?"

"Nafundisha hilo," Sudhoff alisema. "Kila mwaka, kwa watunzaji kutoka nchi nzima. Jike asiyewahi kuona uzazi akae na wazee wa kundi, wamwonyeshe. Nina picha, nina michoro. Wananipigia makofi."

"Basi ilikuwaje?"

"Watu wengi mno walikuwa wanatazama," Sudhoff alisema. "Haijawahi kutokea tukatazamwa na watu wengi kiasi kile."

"Na Kunze?"

"Kamati ya uzazi wa tembo ya Ulaya wangejua kilichotokea, wangemchukua Pendo. Wangempeleka bustani nyingine akazalie huko. Tumemngoja miaka..."

"Pendo anazaa lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na hapa mlipanga azae vipi?"

Aliyejibu ni Prell, bila kuinua kichwa.

"Peke yake. Chumba cha ndani kabisa, kufuli mbili. Tuliwaambia waandishi tutaongeza ulinzi, kwa sababu ya mtu aliyeingia. Sasa tungeachaje?"

Pendo alijirushia nyasi mgongoni. Kisha Tamm akatoa simu, akampigia ofisa wa mifugo wa wilaya, akamtaka aje na watu wa kung'oa chuma. Alizungumza kwa kifupi. Alipomaliza alimwelekezea Sudhoff kidole.

"Hili lango linatolewa leo. Utakuja kituoni na wakili wako, utaeleza jinsi ulivyomsingizia mtu. Na huyu," alimwonyesha Pendo, "hiyo kamati yako itasikia habari zake kutoka kwangu kabla haijasoma gazeti. Wao ndio watakaosema atazaa wapi. Si wewe, wala si watu wa kwenye simu."

Nje, Oelze alitangulia kwenye gari akamfungulia mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Afande, nikitaka kuhamishwa kitengo..."

"Utaandika maelezo yako kwanza, kama shahidi mwingine yeyote. Yote. Na yale maneno uliyompa mkeo uyaandike neno kwa neno."

"Ndiyo, Afande."

*

Mwendesha mashtaka alitia saini karatasi za kumwachia Kunze alasiri. Tamm ndiye aliyempelekea kamba za viatu.

"Kesi ya ua na rangi iko palepale," alimwambia.

"Hiyo ni haki yangu." Kunze alikuwa anapitisha kamba kwenye matundu. "Afande, kuna mlango wa nyuma? Nipitishe huko, nikapandie tramu kule chini ya daraja."

"Nilikukamata mbele ya watu."

"Sitaki watu."

"Hata mimi sitaki," Tamm alisema. "Twende."

Mbele ya lango la bustani ya wanyama watu walikuwa wamejaa, kama kila jioni tangu Ijumaa. Walikuwa wameleta mishumaa ndani ya chupa za jamu, na chini ya ua walikuwa wamepanga tembo wa kuchezea, wa kitambaa, wadogo kwa wakubwa, mpaka njia ya miguu ilizibika. Kunze aliposhuka garini, mtu alipiga kelele, "Muuaji huyo!" na sauti nyingine zikadakia. Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma. Oelze alijiweka mbele ya mzee, mikono imetanuliwa. Tamm alipanda juu ya ukingo wa saruji wa kitalu cha maua.

"Naitwa Roswitha Tamm," alisema, kisha akalazimika kulisema tena kwa sauti. "Ijumaa nilimfunga pingu mtu huyu. Nilikosea. Alinieleza alichokisikia usiku ule, nikamcheka. Kama ningemsikiliza, tungejua siku ile ile. Namwomba radhi hapa, mbele yenu, kwa sababu nilimdhalilisha mbele ya watu. Mzee Kunze, nisamehe."

Kunze alikuwa anatazama reli za tramu. Alitikisa kichwa mara moja, wala haikujulikana kama ni ndiyo au ni baridi.

"Sasa nani amemuua?" kijana mmoja aliuliza. "Mtaje!"

"Alikanyagwa na mama yake, kwa hofu. Yule tembo mzee ambaye angemtuliza alikuwa amefungiwa nje."

"Nani alimfungia?"

"Mtunzaji, kwa amri ya mkurugenzi. Wote wawili watajibu mbele ya sheria."

Manung'uniko yalianza, yakawa makali, jina la Sudhoff likaanza kurushwa huku na huku. Ikaonekana watu wamepata pa kuishikiza hasira yao. Kisha mwanamke aliyekuwa mstari wa mbele, amevaa skafu ya kijani, akauliza kwa sauti nyembamba:

"Kwa nini alimfungia?"

Oelze akashusha mikono yake. Mwanamke yule alikuwa Kerstin, mkewe.

Tamm alimtambua, akasita. Lakini watu walikuwa wanasubiri, na jibu lilikuwa moja tu.

"Alikuwa anaziba kamera," alisema.

Watu walikwepana macho. Kijana aliyetaka mtu atajwe aliingiza simu yake mfukoni, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichokiokota dukani. Kerstin alibaki amesimama na chupa yake ya mshumaa.

"Sisi tulitaka kumwona tu," alisema. "Tulimpenda. Tulitaka kumwona tu."

Alimtazama mumewe ili amsaidie. Oelze alikwenda akasimama karibu naye, lakini neno la kumpa safari hii hakuwa nalo.

Mtu wa kwanza kuondoka alikuwa baba mmoja mwenye koti la kazini. Aliinama, akamtoa tembo wake wa kitambaa katikati ya wengine, akamsokomeza kifuani chini ya koti, akavuka barabara bila kumtazama Kunze. Akafuata mwingine, na mwingine. Walitoka mmoja mmoja, si kwa makundi kama walivyokuja, na kila aliyempita mzee alitembea haraka kidogo. Giza la Novemba lilikuwa limeshaingia. Waliobaki walianza kuizima mishumaa yao kwa vidole kabla ya kugeuka, ili wasitambuliwe kwa mwanga wake.